Kwa baiskeli kutoka Malindi hadi Marafa kupitia mashamba ya maembe: tupite njia ipi, na wakati gani?

Mwalimu wa Shela

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mwalimu na mkazi wa Shela hapa Malindi. Nimeendesha baiskeli tangu utotoni, ingawa safari zangu zote zimekuwa za kwenda kazini, sokoni na ufukweni. Hivi karibuni shemeji yangu anayeishi California alituonyesha picha za safari aliyoifanya kwa baiskeli katika vilima vilivyo chini ya milima ya Sierra Nevada, mahali ambapo barabara nyembamba hupita katikati ya mashamba ya matufaha na mizabibu, na mwendeshaji husimama kila baada ya mwendo mfupi ili aonje tunda, anunue juisi, au atazame jinsi mvinyo unavyotengenezwa. Binti zangu wawili, mmoja wa miaka 17 na mwingine wa miaka 14, walizitazama picha hizo kwa muda mrefu, kisha yule mdogo akaniuliza kwa nini sisi hatuna safari ya namna hiyo. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba tunayo, na hapo nikatambua kwamba nimeishi Malindi maisha yangu yote na sijawahi kuvuka daraja la Sabaki kwa baiskeli hata mara moja.

Shemeji atakuja likizo ya Desemba, nami nimekusudia kuitumia siku moja ya wiki ya mwisho ya mwezi huo kuwapitisha mashambani, tukitoka mjini alfajiri na kurudi kabla ya magharibi. Tutakuwa watano: mimi, mke wangu, binti zetu na shemeji. Naona kuna njia mbili, ile ya kusini mwa mto inayopita Kakuyuni na kwenda Jilore, na ile ya kaskazini inayopita Marikebuni na kufika Marafa penye magenge ya mchanga ya Nyari. Ningependa kujua ni ipi iliyo na mashamba ya kutazamwa kwa karibu, ni ipi itakayowafaa watu wasiozoea kupanda miinuko, na kama Desemba ni wakati mzuri wa maembe na korosho.

Lipo jambo jingine ninaloliuliza kwa heshima. Sisi nyumbani hatunywi pombe, ila ningependa binti zangu waione kazi ya ugema, yaani kutoa tembo, pombe ya mnazi, kwa kuwa ni ufundi wa pwani hii na wanausoma vitabuni tu. Je, inawezekana kuutazama bila ya kuwaingiza watoto katika mangwe, yaani kilabu cha tembo?

Kahindi wa Marikebuni

Mwalimu, karibu sana upande wetu. Nimezaliwa Marikebuni, kijiji ambacho jina lake limebeba marikebu ingawa bahari haionekani, na shamba letu lina miembe ambayo baba yangu aliipanda kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nakujibu kama mwenyeji, japo baiskeli ndiyo iliyonipeleka shule kwa miaka minne na barabara hiyo naijua kwa magurudumu pia.

Piteni kaskazini. Mkitoka mjini alfajiri mtafika daraja la Sabaki kabla miili haijapata joto, na hapo nawaomba msimame, kwa sababu mto huo umetoka mbali. Huanza kwa jina la Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Tsavo ukiitwa Galana, kisha hufika kwetu ukiwa Sabaki na umebeba udongo mwekundu, ule unaoigeuza bahari ya Malindi rangi ya chai ya maziwa wakati wa mvua. Viboko na mamba wamo, basi utazameni mkiwa juu ya daraja wala msiteremke majini. Mkishavuka, iacheni barabara kuu ya Garsen, ambayo ina malori ya chumvi kutoka viwanda vya Gongoni, mshike ya kushoto inayoelekea Marikebuni. Kuanzia hapo nchi huanza kuinuka. Si milima, lakini ule mgongo wa mchanga mwekundu wa Magarini huinuka na kushuka mara nyingi, na mtu aliyezoea tambarare za ufukweni atauhisi mapajani.

Waambie wageni wako mapema kwamba mashamba yetu hayafanani na yale ya pichani. Huku mwembe, mkorosho, mnazi, muhogo na mahindi humea pamoja, na nyumba imo katikati yake, hivi kwamba mtu anayepita mbio huona vichaka tu na kurudi nyumbani akidai hakuona shamba. Ni lazima mteremke. Mkipita penye miembe mikubwa iliyofagiliwa chini, pigeni hodi, ombeni ruhusa ya kuingia, na mkiruhusiwa mtapewa kiti na maji kabla hamjaulizwa mnataka nini. Mnunue matunda hapo hapo shambani. Dalali hufika na kununua matunda yakiwa bado mtini, mara nyingine yakiwa machanga, kwa bei anayoitaka yeye, kwa hiyo mkulima anayeuza kapu moja mkononi mwa mlaji hupata haki yake zaidi.

Kuhusu tufaha, mwambie binti yako kwamba sisi nasi tunalo. Lipo embe linaloitwa apple, la mviringo, lisilo na nyuzi, ambalo likiiva huwa la manjano lenye wekundu shavuni, na inaaminika kwamba aina hiyo ilianzia huku pwani karibu na Malindi kabla ya kupelekwa bara, ambako leo Makueni na Machakos hulilima kwa wingi kutushinda. Mimi husikitika kila ninapoliona likiuzwa Nairobi kama tunda la bara. Mtakuta pia ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda, ambalo kwa maoni yangu ndilo tamu kuliko yote, na boribo, na dodo ambalo huchelewa. Desemba ni wakati wake hasa, kwani msimu mkubwa wa pwani huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Machi. Korosho nazo huvunwa majira hayo hayo, na mtaona mabibo mekundu na ya manjano yameanguka chini ya mikorosho. Waonye watoto wasiyale wakiwa wamevaa nguo nyeupe, maana doa la bibo halitoki.

Mkiona makopo ya manjano yametundikwa matawini, msidhani ni mapambo. Ni mitego ya nzi wa matunda. Mwaka 2003 aligunduliwa nchini nzi mgeni kutoka Asia anayetaga mayai ndani ya embe, na tangu hapo mkulima anaweza kukata tunda zuri lisilo na kasoro kwa nje akakuta mafunza. Tunayaokota yaliyoanguka na kuyafukia, tunatundika mitego, na bado hatujamshinda. Nalitaja kwa sababu msafiri akilielewa hataona ajabu kwa nini mwenye shamba anamkataza kutupa maganda na mabaki ovyo chini ya mwembe.

Sasa ugema. Babu yangu alikuwa mgema, na ninafurahi kwamba umeuliza ulivyouliza. Shamba la mgema si mangwe. Mangwe ni mahali pa kunywea na hapawafai watoto, lakini kazi yenyewe hufanyika juu ya mnazi, asubuhi na jioni, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwa ruhusa. Mgema hupanda kwa vidato alivyovichonga kwenye shina. Huko juu hulitafuta karara ambalo halijapasuka, hulifunga kwa kamba lisifunguke, kisha hukata ncha yake kipande chembamba sana kwa kotama, kisu chake kikali chenye kupinda, na utomvu huanza kudondoka katika kibuyu, au siku hizi katika chupa ya plastiki. Kila anaporudi hukata kipande kingine chembamba ili kidonda kisizibe. Mnazi mmoja hutoa karara jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo kazi haina msimu, ila karara linalogemwa halizai nazi, na mwenye shamba hulazimika kuamua ni minazi ipi ya tembo na ipi ya nazi. Utomvu unapoteremshwa asubuhi ni mtamu kama maji ya madafu yaliyotiwa sukari. Kufikia adhuhuri umeanza kutoa povu wenyewe bila ya kutiwa chochote, na kesho yake unaelekea kuwa siki.

Hapa ndipo tunapotofautiana na hao wa mizabibu. Wao huvuna mara moja kwa mwaka, wakahifadhi mvinyo katika mapipa kwa miezi au miaka na kuuandika tarehe. Wa kwetu haukai hata siku mbili, na kwa hiyo hauwezi kusafirishwa mbali. Anayetaka kuujua ufundi huo hana budi kuja mwenyewe shambani. Mkifika kwetu kabla ya saa mbili asubuhi nitamwomba jirani yangu awaonyeshe, na binti zako watakunywa madafu.

Neno moja la mwisho. Ukingo huo wa kaskazini mtakaokuwa mnaupita una historia yake. Mwaka 1914, baada ya upinzani ambao Mekatilili wa Menza aliuchochea, serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama wauhame, na nyumba zikachomwa moto. Watu walirudi baadaye, wakapanda upya. Mimi nikiuona mwembe mkubwa huku humfikiria yule aliyeupanda, ambaye alijua kwamba ardhi inaweza kuchukuliwa na akapanda mti unaongoja miaka kabla ya kuzaa.

Mfuga Vipepeo, Gede

Simpingi ndugu Kahindi katika habari za maembe, lakini kwa watu wasiozoea miinuko, wakiwemo watoto, mimi ningechagua kusini, si ile ya Jilore bali ya kwenda Gede. Ukanda kati ya Malindi na Gede ni tambarare, na kwenda na kurudi ni kama kilomita 30 tu. Gede penyewe kuna magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17, ambao mwaka 2024 ulitiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kuta zake zimekumbatiwa na mizizi ya miti mikubwa. Hatua chache kutoka hapo upo mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambao hununua mabundo (pupa) ya vipepeo kutoka kwa sisi wakulima tunaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuyauza ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Mimi binafsi nimesomesha watoto kwa kazi hiyo, na najua majirani ambao zamani waliutazama msitu kama shamba lililochelewa kufyekwa na sasa wanaulinda, maana miti ya vipepeo imo humo.

Mkiwa na nguvu zilizobaki, lipeni kiingilio kwenye kituo cha msitu mwendeshe kwenye njia za ndani, penye kivuli. Msitu huo una ukubwa wa takribani kilomita za mraba 420, nao ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Ingieni na kiongozi, kwa sababu ndovu wamo.

Ubaya wa njia ya kusini ni mmoja, nami siwezi kuuficha: barabara kuu ya Mombasa. Mwisho wa Desemba magari ya wageni ni mengi na yanakwenda mbio, na ukingo wa lami ni mwembamba mahali pengine. Msiendeshe wawili wawili sambamba.

Fundi wa Maweni

Mwalimu, mimi ni fundi wa baiskeli. Wengi huniletea baiskeli baada ya safari, wakati ambapo ningependa kuziona kabla yake.

Baiskeli nzito zisizo na gia, hizi tunazoziita Black Mamba, zitafika Marafa bila ya shaka, kwani watu wa huko hubebea magunia ya makaa na mitungi ya maji kila siku. Lakini wao huteremka na kuzisukuma penye kilima, na nyinyi msione haya kufanya vivyo hivyo. Zenye gia na tairi pana ni bora zaidi, kwa sababu sehemu za mchanga mlaini humeza tairi nyembamba hadi rimu. Mkifika penye mchanga punguzeni upepo kidogo katika tairi, kaeni nyuma kwenye kiti, msikate usukani ghafla, na msikanyage breki ya mbele.

Adui mkubwa ni mbigili. Mwiba wake ni mdogo na mtu hauoni mpaka tairi imeshalala. Bebeni tyubu mbili za ziada, viraka, solusheni, pampu na vyuma vya kufungulia tairi, na kabla ya siku hiyo kila mmoja wenu, pamoja na binti zako, ajifunze kuziba pancha mwenyewe. Mkishang'oa tyubu, pitisheni vidole polepole ndani ya tairi, kwa sababu mwiba uliobaki humo utatoboa tyubu mpya kabla hamjamaliza kilomita moja. Kagueni spoki, kazeni kerieli, na mtie mnyororo mafuta machache tu. Ukiulowesha, vumbi jekundu la Magarini litaugeuza kuwa msasa.

Kuhusu upepo, Desemba ni kaskazi, upepo utokao kaskazini. Hii ina maana kwamba mkienda Marafa asubuhi upepo utakuwa mbele yenu, lakini saa hizo bado ni mwanana, na mchana ukishapata nguvu mtakuwa mnarudi nao mgongoni. Mngekwenda Julai wakati wa kusi mngeshangaa jinsi mlivyofika upesi, kisha mngerudi mkipigana nao kwa mapafu na magoti yaliyochoka. Waendesha baiskeli wengi wa mjini huulizana juu ya mvua wakasahau upepo, na mimi naamini upepo ndio unaoamua siku.

Bi Zaituni wa Barani

Mwanangu Mwalimu, nimefurahi kuona kwamba mke wako na mabinti wamo safarini. Mimi niliendesha baiskeli hapa mjini nikiwa msichana, wakati ambapo wanawake tuliofanya hivyo tulihesabika, na nilianguka mara moja kwa sababu buibui liliingia kwenye mnyororo. Tangu hapo nilijifunza. Wavae suruali pana iliyobanwa kifundoni, na gauni fupi la heshima juu yake lisilovuka magoti, na mtandio ufungwe nyuma usipeperuke. Dera lisivaliwe kabisa. Baiskeli zao ziwe na kava ya mnyororo.

Pia usiwape watoto chakula kizito asubuhi. Mahamri mawili na mbaazi na chai yanatosha kufika huko, kisha wabebe ndizi, tende, na maji yaliyotiwa limau na chembe ya chumvi. Kila mtu abebe maji yake yasiyopungua lita tatu. Jua la kule ndani halina upepo wa bahari wa kumdanganya mtu kwamba kuna baridi.

Mmalindi wa Sacramento

Salamu kutoka mbali. Nimezaliwa Malindi na sasa nakaa Sacramento, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwenye vilima ambavyo nadhani ndivyo shemeji yako alivyovipiga picha. Kama ni vyenyewe, pale panaitwa Apple Hill, karibu na Camino, juu kidogo ya mji wa Placerville. Nimeendesha huko mara kadhaa, nami naandika ili kumwondolea binti yako fikira kwamba wenzetu walipewa tu mandhari hayo na sisi tukanyimwa.

Eneo lile lilikuwa la mapeasi. Ugonjwa uliua miti, wakulima wakakaribia kufilisika, ndipo mwaka 1964 wachache wao walipoungana, wakageukia matufaha na kuwaalika wenyeji wa miji ya bonde waje kununua shambani kwenyewe. Mizabibu nayo ilipandwa kwa wingi na watu waliofuata dhahabu baada ya 1848, ikafifia wakati serikali ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na kurejea kwa nguvu katika miaka ya 1970. Kinachoonekana leo kuwa ni mandhari kilianza kama njia ya wakulima ya kujiokoa na dalali na hasara, na niliposoma maneno ya ndugu Kahindi kuhusu embe linalonunuliwa likiwa changa, nilihisi kwamba wangesikilizana vizuri.

Kwa upande wa kuendesha, vilima vile ni vikali kuliko vyote mtakavyovikuta Magarini. Placerville iko kama mita 570 juu ya usawa wa bahari na Camino inakaribia mita 950, na umbali kati yake ni mfupi, kwa hiyo mtu hupanda karibu njia yote. Tena mwezi wa Oktoba, matufaha yanapoiva, barabara hizo nyembamba hujaa magari ya familia, na mwendeshaji baiskeli hutafuta siku za katikati ya wiki. Nakushauri nawe uchague siku isiyo Jumamosi wala Jumapili. Huku kwetu nilikozoea sasa, harufu ni ya misonobari na matufaha yaliyokamuliwa. Ile ya maua ya mwembe baada ya umande wa asubuhi sijaipata mahali pengine popote, na nikiwa mkweli, ndiyo inayonifanya nisome habari hizi usiku wa manane.

Mwalimu wa Shela

Nawashukuru sana, na Bi Zaituni shikamoo. Mke wangu amesoma maneno yako kwa sauti na kuamua palepale kwamba mavazi yatashonwa wiki hii.

Baada ya kushauriana nyumbani tumeamua kwenda kaskazini, na ile ya Gede tutaifanya wiki mbili kabla yake, siku ya katikati ya wiki na mapema sana, ili miili izoee na ili kila mmoja ajaribu kuziba pancha njiani, si uani. Nimekubaliana na ndugu wa Gede kwamba tutaendesha kwa mstari mmoja, mimi nikiwa nyuma.

Yamebaki mambo mawili. Marafa ni zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, na kila ninayemuuliza ananiambia kwamba Nyari hutazamwa machweo, wakati magenge yanapowaka rangi zote. Je, inafaa kungoja? Na ndugu Kahindi, tukifika kwenu watu watano na baiskeli tano, tuje na nini?

Kahindi wa Marikebuni

Msingoje machweo. Ni kweli kwamba jua likielekea kuzama magenge yale huwa mekundu, ya machungwa na meupe kwa namna isiyoelezeka, lakini jua letu huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu na giza huingia mara moja, nanyi mtakuwa na barabara yote ya kurudi, yenye mchanga, mifugo na bodaboda zisizo na taa. Fikeni Nyari kabla ya saa nne asubuhi, wakati jua bado limelala upande mmoja na vivuli vimo ndani ya mabonde. Lipeni kiingilio pale mlangoni, mchukue kijana wa kijijini awaongoze. Atawasimulia habari ya jamaa tajiri waliokuwa na ng'ombe wengi mno hata wakaoga kwa maziwa, na ardhi ikawameza pamoja na mali yao. Binti zako wamsikilize hadi mwisho, kwa sababu kila msimulizi ana namna yake. Wasikaribie ukingo, kwani mchanga hukatika. Saa tano mpumzike chini ya mwembe mpaka saa tisa, mle, mlale, kisha muanze kurudi jua likiwa limepungua na kaskazi likiwa nyuma yenu, kama Fundi alivyosema.

Kuhusu cha kuja nacho, mama yangu amesema mlete samaki mkavu kama mtapata, maana huku hafiki kwa urahisi, nasi tutawapa maembe ya kujaza kerieli zote tano. Mje na vikapu vya ukili badala ya mifuko ya plastiki, kwa sababu embe lililoiva likibanwa kwenye plastiki siku nzima juani hufika mjini likiwa juisi. Nitachuma ngowe zilizokomaa ambazo bado ni ngumu, ziive nyumbani kwenu siku ya tatu au ya nne, na zile za apple za kuliwa siku hiyo hiyo nitaziweka kando mtungini penye ubaridi. Mkivuka daraja nipigieni simu, nitatoka na baiskeli yangu kuwapokea njiani, kwa kuwa njia ya kuingilia kwetu haina kibao.